Sign in au sign up?

Wadau, juzi mteja wangu mmoja hapa Voi alijikuta na akaunti tatu, mauzo ya duka yametawanyika. Kumbe kila asubuhi alibonyeza "sign up" badala ya "sign in". Kosa ni langu niliyeandika programu.

Kiingereza hubadilisha kijineno cha mwisho tu. Wakati mwingine haidhuru: "log in" na "log on" ni mamoja, zote kutoka daftari la mabaharia waliotupa gogo majini kupima mwendo. Kiswahili hubadilisha kitenzi chenyewe: ingia, jisajili.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa na kisingizio gani? Vitufe nimeshabadilisha.