Jasho la Mugogo na jasho la karani

Mwajiri wa Walungu, Kivu Kusini, akiambiwa kwamba wafanyakazi wakifanya mazoezi biashara yake itanufaika, ana haki ya kushangaa. Siku ya soko pale Mugogo, akina mama huteremka vilimani na magunia ya mihogo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yako chini yakitafuta pa kukanyaga. Kumwambia mama huyo achuchumae mara kumi kwa faida ya afya yake ni kumvunjia heshima. Lakini si mbali na hapo, katika ofisi ya shirika au chama cha akiba na mikopo, yuko karani aliyeletwa na pikipiki asubuhi, akaketi, na jioni ikamkuta kwenye kiti kilekile. Wote wawili ni wafanyakazi, ila miili yao inadai vitu tofauti. Mipango mingi ya mazoezi kazini hupotea njia hapo, kwa kumzungumzia mfanyakazi kana kwamba yuko wa aina moja tu.

Karani huyo ni ndugu wa dereva wa basi la London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet kwamba madereva, waliokaa kutwa nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Mwajiri alikuwa mmoja na barabara ni zilezile. Mama wa Mugogo hayumo katika hesabu hiyo. Aliye karibu naye ni mfanyakazi wa kazi nzito aliyechunguzwa katika uchambuzi ulioongozwa na Pieter Coenen mwaka 2018. Uchambuzi huo ulijumlisha tafiti zenye watu zaidi ya 190,000, ukakuta kwamba wanaume wa kazi nzito za mwili walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi ya wenzao wa kazi nyepesi kwa asilimia 18. Kwa wanawake tofauti hiyo haikuonekana, lakini sioni mwajiri angewezaje kuichukua kama ruhusa ya kuongeza magunia. Maelezo ya wataalamu yanaeleweka kwa yeyote aliyewahi kubeba: mtu anayekimbia nusu saa kwa hiari yake hupumzika baadaye, ilhali moyo wa mbebaji husukumwa saa nyingi, siku baada ya siku, na muda wa kurudisha nguvu haupo.

Wajapani walianza upande wa karani. Mazoezi yao ya redioni yalizinduliwa mwaka 1928 na idara ya bima ya maisha ya posta, kwa kufuata mfano wa kampuni ya bima ya Metropolitan Life, iliyokuwa ikitangaza mazoezi Marekani tangu 1925. Hesabu haikufichwa: mteja akiishi miaka mingi, hulipa ada miaka mingi. Hadi leo, katika baadhi ya viwanda na maeneo ya ujenzi nchini humo, siku huanza kwa dakika chache za kinanda, watu wakiinua mikono na kupinda viuno wakiwa na nguo zao za kazi. Hakuna cha kununua, na msimamizi naye huinua mikono.

Lakini mikono iyo hiyo huweza kuinuliwa kwa ajili ya mtu mwingine. Wakati wa vita mazoezi hayo yalitumika kuwafunza Wajapani utii, na baada ya kushindwa mwaka 1945 yaliondolewa hewani. Yalirudi mwaka 1951. Wakongo wanalijua jambo hili kwa miili yao. Enzi za Rais Mobutu, wafanyakazi walipangwa mistari kuimba na kucheza kumsifu, tena kukawa na salongo, kazi za umma za lazima. Jasho lilitoka kwelikweli, ila halikuwa lao. Mwajiri wa Kivu anayewaamrisha watu kukimbia Jumamosi anaamsha kumbukumbu hiyo, hata kama nia yake ni njema.

Katanga, kusini mwa Kongo, ilichagua mpira. Timu ya TP Mazembe iliwahi kubeba jina la Englebert, kampuni ya matairi, na Lupopo ni timu ya watu wa reli. Ni fahari kubwa, lakini wanaocheza ni 11 na mamia wanatazama. Tanzania imejaribu kuwapanua wachezaji kwa mashindano ya SHIMIWI ya wizara na idara za serikali, na Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alielekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Hata hivyo Jumamosi ni muda wa mfanyakazi. Rwanda ilienda mbele zaidi ilipowaachia watumishi wa serikali Ijumaa alasiri, kwa kuwa huo ulikuwa muda wa mwajiri.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa Wasukuma wa Tanzania. Katika ngoma yao ya bugobogobo wakulima hulima kwa ngoma, majembe yanarushwa na kudakwa, wimbo unaushika mwendo wa kundi zima ili mwenye nguvu asimkimbie mnyonge. Mwenye shamba hupata shamba lililolimwa, nao hupata malipo na furaha. Kazi imetungwa kwa kufuata mwili.

Kwa Walungu, basi, karani apewe nusu saa ya mazoezi ndani ya saa za kazi, uani, mkuu wake akiwemo. Mbio za alfajiri barabarani si jambo la kumwagiza mtu, hasa mwanamke, tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025. Kwa mbebaji, mpango wa afya uanze kwenye mizani. Mwenye ghala anayelipa kwa gunia anamshawishi mama kuongeza la pili juu ya la kwanza. Akilipa kwa siku, akaweka kikomo cha kilo, kivuli, maji na muda wa kuketi, atampata mbebaji yuleyule wiki ijayo na mwaka ujao.