Mawe ya Bahari Katika Kuta za Eastlands

Mitaa ya Eastlands, kuanzia Pumwani hadi Kayole, imekaa juu ya lava na majivu ya volkano yaliyotapikwa wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka, na kwa kuwa majivu hayo yakishagandamana huwa jiwe rahisi kuchongwa, machimbo ya Njiru yamewapa mafundi wa jiji mawe ya kujengea kwa miaka mingi. Visukuku vya bahari, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, havimo katika jiwe hilo. Sehemu ya bahari iliyomo katika kuta hizi imo ndani ya saruji inayoyashikanisha mawe.

Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika joto la takriban nyuzi 1,450, hadi yatoke madonge magumu yaitwayo klinka, ambayo husagwa na jasi kidogo. Mawe ya chokaa ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, ni mwamba wa matumbawe uliojengwa na viumbe wa bahari yapata miaka 125,000 iliyopita, maji yalipokuwa juu kwa mita kadhaa kuliko leo. Kwa wanajiolojia huo ni mwamba mchanga mno, maana mawe ya Kambe huko Kilifi, yenye visukuku vya amonaiti, jamaa wa kale wa ngisi waliokuwa na kombe lililojizungusha, yana zaidi ya miaka milioni 160.

Waswahili waliuchonga mwamba wa matumbawe kwa ajili ya misikiti na nyumba, na wakauchoma kupata chokaa, karne nyingi kabla ya kiwanda cha Bamburi kuanza uzalishaji mwaka 1954. Miaka hiyo ya Hali ya Hatari ya kikoloni ndiyo iliyozaa Ofafa na Mbotela, mitaa ya Eastlands iliyopewa majina ya watu wawili waliouawa katika vurugu za wakati huo. Hata hivyo, si saruji yote ya Nairobi iliyotoka pwani: kiwanda cha Athi River kilitegemea pia mawe ya Kajiado, ambayo nayo yalianza kama matope ya bahari, lakini joto na mgandamizo wa ardhi viliyageuza marumaru zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mitaa ya Buruburu, Umoja na Dandora ilifuata katika miaka ya 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Bamburi ikafungua kinu Athi River cha kusaga klinka ya Mombasa. Waandishi wa historia ya Eastlands, wanaozungumzia sana kodi na siasa, wameipuuza mno safari hii ya mawe.

Anayetaka kuviona visukuku vyenyewe asivitafute katika lipu ya Umoja, kwa maana tanuri huviunguza vyote. Aende Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ambako mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda mivinje mwaka 1971, na atazame kingo za mwamba.