Nani alilipia kitabu cha ziada?

Julai 1, 2025 Shirika la Misaada la Marekani, USAID, lilifunga rasmi shughuli zake. Miezi michache kabla ya hapo fedha zilikuwa zimeshakatika, na miongoni mwa waliotikiswa mapema walikuwa walimu wa darasa la kwanza na la pili Tanzania. Tusome Pamoja, mradi ulioanza 2016, na Jifunze Uelewe uliorithi kazi yake, yote ilikuwa ikiishi kwa mfuko huo: mafunzo ya walimu, vitabu vya hadithi fupi, vipimo vya kusoma kwa sauti. Watu wazima wenye vyeo wakaonekana kushangaa, kana kwamba walikuwa hawajui mlipaji ni nani.

Mshangao huo haukuwa na msingi. Kitabu cha kiada, kile cha mtaala, Serikali imekuwa ikikihangaikia kwa namna moja au nyingine tangu Uhuru. Kitabu cha ziada ni habari tofauti. Hicho ndicho kijana anachokisoma bila kuulizwa maswali mwishoni, anachokiazima Ijumaa na kukirudisha Jumatatu kikiwa na alama ya mafuta ya taa kwenye jalada. Kwa zaidi ya miaka 70 kitabu hicho kimelipiwa sana na mtu wa mbali, na anayelipa hajawahi kuishia kwenye bei. Huchagua pia lugha.

Mwanzo wake unajulikana. Mwaka 1948 serikali za kikoloni ziliunda Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki kwa fedha za mfuko wa maendeleo wa Uingereza. Shirika hilo lilichapa vitabu vya Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji, likapeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuwaazima wasomaji kwa posta. Mkutubi wake, Sydney Hockey, aliandika ripoti mwaka 1960 akishauri kila nchi iwe na huduma yake ya maktaba. Tanganyika ikatunga sheria mwaka 1963, na Desemba 9, 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Rafu zake, kama za maktaba za mikoa zilizofuata, zilijazwa kwa sehemu kubwa na misaada, vikiwemo vitabu vilivyokusanywa Uingereza na shirika la Ranfurly, ambalo leo tunalijua kwa jina la Book Aid International. Msomaji aliyetaka hadithi ya mvulana wa Kiingereza na mbwa wake aliipata bila shida. Aliyetaka hadithi ya mvulana wa Sengerema ilibidi aisubiri.

Kipindi cha kisomo nacho kimesimuliwa sana, kwa fahari inayostahili. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1986 waliojua walihesabiwa kuwa asilimia 90.4. Mradi wa majaribio wa UNESCO na Umoja wa Mataifa katika mikoa ya Ziwa, ukiwa na makao Mwanza kuanzia 1968, ndio uliotoa mfano. Sweden na Norway zikaingia na fedha za karatasi, mitambo na magazeti ya vijijini. Gazeti la Elimu Haina Mwisho lilichapwa kwa ajili ya watu waliokuwa wamejifunza kusoma juzi tu, na lengo likawa kila kata iwe na maktaba yake, hata kama maktaba yenyewe ni sanduku moja nyumbani kwa mratibu wa elimu. Jambo moja husahaulika katika masimulizi hayo. Fedha zilikuwa za Waskandinavia, lakini lugha ilikuwa Kiswahili, na aliyeamua hivyo alikuwa Mtanzania. Siku hizo mfadhili alikuja kwenye mpango uliokwisha kuandikwa.

Ugomvi ninaotaka kuusimulia ulikuja baada ya hapo. Wengi wa waliokuwa sekondari wakati huo waliuishi bila kujua kwamba ni ugomvi. Ninayoyaeleza hapa nimeyategemea zaidi kwenye kitabu cha Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, Language Crisis in Tanzania, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1997. Waandishi hao hawakuficha upande wao, nami sitaficha kwamba wamenishawishi.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilikabidhi ripoti yake. Kati ya mapendekezo yake, moja lilikuwa zito kuliko mengine: Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza kuanzia Januari 1985, kipande darasa kwa darasa hadi kifike chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Haikuwa ndoto. Istilahi zilikuwa zikitungwa, Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwapo tangu 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa imetoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Lakini mwaka 1983 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba badiliko hilo halitakuwapo. Mwaka uliofuata Mwalimu mwenyewe alitetea Kiingereza kwa hoja kwamba hicho ndicho Kiswahili cha dunia.

Mwaka huohuo wa 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walikuja kupima hali ya Kiingereza kuanzia shule za msingi hadi chuo kikuu. Matokeo yao yalikuwa ya kutisha. Kwa hesabu yao, mwanafunzi mmoja tu kati ya 10 wa kidato cha nne ndiye aliyefikia kiwango cha Kiingereza ambacho mtu angekitarajia kwa mtoto anayeanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Yaani miaka minne ya sekondari ilikuwa imepita na mwanafunzi hajafika hata pa kuanzia. Mtu wa kawaida akisoma takwimu hiyo angesema basi, tuwafundishe kwa lugha wanayoielewa. Criper na Dodd walipendekeza kinyume chake: Kiingereza kibaki kuwa lugha ya kufundishia, na kiimarishwe.

Kuimarisha kunataka fedha, na fedha zikaja. Serikali ya Uingereza ikatoa Pauni milioni 1.46 kwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, ulioendeshwa kati ya 1987 na 1991. Moyo wa mradi huo ulikuwa usomaji wa ziada. Shule za sekondari zilipelekewa makasha ya vitabu vya hadithi vya Kiingereza vilivyorahisishwa na kupangwa kwa ngazi, kuanzia vyenye maneno machache hadi vinavyokaribia kitabu kamili. Mwanafunzi alipimwa kwanza ili ijulikane aanzie ngazi ipi, kisha asome apande. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi, na walioubuni walijua kazi yao. Mtu hujifunza lugha kwa kusoma vingi anavyovielewa, si kwa kukariri kanuni za sarufi.

Roy-Campbell na Qorro walikwenda madarasani kuangalia. Walikuta wanafunzi wengi ambao hata ngazi za chini za vitabu hivyo ziliwashinda. Mpimaji alikuwa ameweka ngazi, lakini kipago cha kwanza kilikuwa juu ya kichwa cha mpandaji. Na pale vitabu vilipowafaa, vilikuwa vichache kwa idadi ya wanafunzi, na mwalimu mwenye deni la vitabu alijua cha kufanya. Waliosoma miaka hiyo wanalikumbuka kabati la mbao katika ofisi ya mkuu wa shule: kufuli, ufunguo kwa mwalimu mmoja tu, na vitabu ambavyo migongo yake ilibaki kung'aa kwa sababu havikuguswa. Kitabu kikipotea, nani atajibu? Kikibaki kabatini, hakuna anayeulizwa.

Wako wanazuoni walioandika kwamba msaada ule ulikuja na sharti, kwamba Uingereza ingetoa fedha iwapo tu Kiingereza kingebaki lugha ya kufundishia. Waliotetea mradi walisema uamuzi ulikuwa umeshafanywa na Watanzania wenyewe mwaka 1983, kwa hiyo mfadhili alisaidia tu kilichokwisha kuamuliwa. Kwa tarehe, watetezi wana hoja. Lakini tazama kilichofuata. Serikali yenye ukata wa miaka ya 1980, wakati hata karatasi ya kuchapia ilikuwa bidhaa adimu, ilipata makasha ya vitabu vya vijana bila kutoa senti. Mapendekezo ya Makweta, ambayo yangedai vitabu vya sekondari viandikwe upya kwa Kiswahili, hayakupata mfadhili hata mmoja wa kiasi hicho. Pauni milioni 1.46 si fedha nyingi kwa nchi nzima. Zilitosha kuifanya njia moja ionekane rahisi.

Mradi ulipokwisha mwaka 1991, mwingine ulikuwa unazaliwa, na huu naupenda. Shirika la CODE la Kanada lilianzisha pamoja na wadau wa hapa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Ujanja wake ulikuwa wa kibiashara. Mchapishaji alileta mswada wa Kiswahili, kamati ikausoma, mwandishi na mchoraji wakapelekwa kwenye warsha, na kitabu kilipokubaliwa kilichapwa nakala 5,000. Mradi ulinunua 3,000 papo hapo na kuzigawa shuleni na kwenye maktaba; 2,000 zilibaki kwa mchapishaji auze mwenyewe. Kwa wachapishaji binafsi waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza baada ya miongo ya ukiritimba wa mashirika ya umma, hiyo ilikuwa pumzi. Zaidi ya vitabu 200 vikatoka kwa njia hiyo: vyembamba, vimebanwa kwa pini mbili mgongoni, picha za rangi au za wino, na majina ya watoto wanaofanana na wale walio darasani. Ukikipata kimoja leo kwenye maktaba ya shule kona zake zimeliwa. Ndiyo sifa kubwa ya kitabu cha ziada.

Lawama nazo zilikuwapo. Mnunuzi mmoja akishachukua nakala 3,000, mchapishaji mvivu hana haja ya kwenda Songea kutafuta duka. Zile 2,000 ziliweza kukaa stoo miaka. Soko halikujengeka kwa kasi iliyotarajiwa, na wazazi hawakuzoea kununua, kwa sababu mtoto alipewa bure. Hata hivyo, nikilinganisha makasha ya 1987 na vitabu hivi vyembamba, sipati taabu kuchagua.

Kisha ikaja kejeli ya historia. Kuanzia 2008 fedha za mfadhili binafsi wa Kanada, Bill Burt, zilianzisha kupitia CODE tuzo ya fasihi ya vijana iliyobeba jina lake. Hapa nchini ilisimamiwa na Mradi uleule wa Vitabu vya Watoto. Mshindi alipata zawadi nono, na maelfu ya nakala za kitabu chake zilinunuliwa na kupelekwa shule na maktaba. Masharti yalikuwa wazi: hadithi iwe ya Kiingereza. Waandishi waliokuwa wakiandika Kiswahili wakageuka. Wengine walifanya hivyo kwa ufanisi. Nahida Esmail, kwa mfano, alishinda kwa The Detectives of Shangani, hadithi ya watoto wanaochunguza siri katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ni kitabu cha kuvutia na siwezi kumlaumu mwandishi anayefuata mlango uliofunguliwa.

Lakini kwa nini Kiingereza? Kwa sababu walengwa walikuwa vijana wa sekondari, na sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Na kwa nini sekondari hufundishwa kwa Kiingereza? Turudi 1983. Mfadhili wa 2008 hakuwa na ajenda yoyote ya lugha ninayoijua. Alikuta barabara imelimwa akapita. Kijana wa Kibondo aliyeshiba hadithi za Kiswahili darasa la tatu, akifika kidato cha pili anakuta kitabu kipya chenye jalada zuri, kimechapwa Dar es Salaam, kimeandikwa na Mtanzania, na bado hakisomi kwa raha.

Miaka ya karibuni ni ya miradi juu ya miradi. Fedha za ubia wa kimataifa wa elimu, karibu Dola milioni 95, zilianza kutumika 2014 kwa mpango wa kusoma, kuandika na kuhesabu, ukifuatwa na ile ya Wamarekani niliyoanza nayo. Yote ililenga madarasa ya mwanzo, kwa Kiswahili, na ilifanya kazi ya maana. Kijana mwenye miaka 14 hakuwamo kwenye bajeti ya mtu. Maktaba za mikoa zipo, baadhi zikiwa na wakutubi hodari wanaofanya maajabu na rafu za miaka ya 1970. Wilaya nyingi hazina maktaba ya umma kabisa, na halmashauri zenye fedha za kujenga uzio wa ofisi haziioni kama pengo.

Mwaka 2022 Serikali ilitangaza Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ya kwanza ikatolewa Aprili 13, 2023. Mshindi wa kwanza hupata Sh milioni 10. Lugha ni Kiswahili, mlipaji ni Hazina, na hadithi za watoto ziliongezwa baada ya mwaka wa kwanza wa riwaya na ushairi. Serikali iliahidi pia kuchapa kazi za washindi na kuzisambaza shuleni. Kila Mei, Waziri wa Elimu anaposimama bungeni kusoma bajeti yake, wabunge huuliza habari za madawati, vyoo na ajira za walimu. Ningependa mmoja wao aulize nakala ngapi zimenunuliwa, na ufunguo wa kabati zilimofikia uko kwa nani.