Ng'ombe wa Ukambani na Mkono wa Serikali

Malili iko kando ya barabara kuu ya Mombasa, Kaunti ya Makueni, kwenye mbuga za malisho ya tangu jadi. Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza. Mwaka huohuo, mbele kidogo kuelekea Nairobi, ng'ombe waliodhoofishwa na ukame walikufa kwenye lango la kiwanda cha nyama cha Athi River, wakingoja kununuliwa na serikali hiyohiyo.

Msiba ule ulikuwa na mizizi mirefu. Kufikia miaka ya 1930, Wakamba, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wamebanwa na serikali ya kikoloni kwenye hifadhi za Waafrika huku malisho yao mengi yakigawiwa walowezi. Udongo ulipomomonyoka, lawama ikatupiwa ng'ombe. Mlowezi aliyeyumbishwa na mdororo wa uchumi alifunguliwa mlango wa mikopo ya Benki ya Ardhi. Mkamba aliletewa amri ya kupunguza mifugo. Mwaka 1938 ng'ombe wake walikamatwa na kunadiwa kwa bei ya kutupa, ilhali kiwanda kipya cha nyama cha Liebig's, hapo Athi River, kilihitaji nyama rahisi. Umati wa wanaume, wanawake na watoto ukaandamana hadi Nairobi ukiongozwa na Muindi Mbingu, ukapiga kambi kwa wiki kadhaa ukidai kumwona Gavana Brooke-Popham. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini mauzo ya lazima yalikoma.

Marekani ilikuwa imeonyesha njia nyingine. Katika ukame wa 1934 serikali ya Rais Roosevelt ilianza kununua ng'ombe wa wafugaji, na hatimaye ikanunua zaidi ya milioni 8. Sehemu ya malipo ilikuwa ya mfugaji mwenyewe, wadai wake hawakuruhusiwa kuigusa. Nyama ikalisha familia zisizo na kazi.

Kenya ilianzisha Tume ya Nyama, KMC, yenye kiwanda hicho cha Athi River, mwaka 1950. Ilidorora, ikafungwa, ikafufuliwa 2006. Ukame wa 2009 ulipofika, ununuzi wa dharura ulianza mifugo ikiwa imekwisha kukonda. Ng'ombe wa kiangazi akishalala hainuki peke yake: mmoja humshika mkia, mwingine pembe, na akipakiwa kwenye lori, wenzake humkanyaga. Akifika kichinjioni, hana nyama ya kuuza.

Mwaka 2015 ilikuja bima ya mifugo ya serikali. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na nyasi zikipungua kupita kiasi mfugaji hulipwa bila kungoja mzoga. Mpango huo ulienea hadi kaunti nane, kuanzia Turkana na Wajir. Kitui na Makueni hazikuwemo, ingawa nazo ni kaunti kame. Ukame uliotangazwa janga la kitaifa Septemba 8, 2021 ulikuja kuua zaidi ya mifugo milioni 2.5 nchini.

Mamlaka ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti kame, ikitaja hatua iliyofikiwa: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Fedha za kununua mifugo zitoke kwenye hatua ya tahadhari, ng'ombe akiwa bado na nyama. Bei itangazwe hadharani sokoni, na mwenye ng'ombe watano wa Makueni ahesabiwe sawa na mwenye mia wa kaskazini. Watu wa 1938 walitembea hadi Nairobi kwa sababu bei ya mali yao iliamuliwa bila wao. Dai la kushirikishwa katika bei hiyo bado ni halali.