Kituo cha Umeme cha Nyumba ya Mungu

Kituo kidogo cha kufua umeme kwa nguvu ya maji, kilichopo kaskazini mwa Tanzania, katika mto Pangani, chini kidogo ya mahali yanapokutana maji ya Kikuletwa na ya Ruvu, ambayo sehemu yake kubwa huteremka kutoka Kilimanjaro na Meru. Kilianza kazi mwaka 1968, nacho ni milki ya Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO). Uwezo wake ni megawati 8, zitokazo katika mashine mbili za megawati 4 kila moja. Lau zingezunguka kwa nguvu zote usiku na mchana, zingetoa kilowati-saa 192,000 kwa siku, kadiri isiyofikiwa wakati wa kiangazi, maji yapunguapo, na ilhali wavuvi na wakulima nao wana haki yao katika bwawa la kituo hicho.

Walakini si insafu kukipima kituo hiki kwa umeme wake peke yake, kwani faida yake iliyo kubwa zaidi ni kule kuyahifadhi maji na kuyafungulia kwa kipimo, yapate kuzungusha mitambo ya Hale, yenye megawati 21, kisha ile ya maporomoko ya Pangani, yenye megawati 68, kabla hayajaingia Bahari ya Hindi.