Umechomwa sindano ya kuondoa makunyanzi? Zingatia haya kabla ya kurudi Singida

Na Mwandishi Wetu, Singida

SINDANO ya kuondoa makunyanzi usoni huchukua dakika chache tu, na aliyechomwa huondoka kliniki kwa miguu yake siku hiyo hiyo. Kazi ya dawa, hata hivyo, huanza baada ya hapo na huendelea kwa siku nyingi, wakati mhusika ameshaagana na daktari wake.

Kwa mkazi wa Singida Mjini jambo hili lina uzito wa pekee. Aliyekwenda kuchomwa Dar es Salaam yuko takriban kilometa 700 kutoka nyumbani, na aliyekwenda Arusha yuko zaidi ya kilometa 300. Dalili mbaya ikijitokeza, huenda ikamkuta ameshafika Singida, mbele ya mganga ambaye hakuona alichochomwa.

Ndiyo maana uangalizi baada ya sindano hizi hauishii katika kutunza uso tu. Unahusu pia kujua dalili za hatari na kurudi nyumbani na kumbukumbu za matibabu.

Dawa yenyewe ni nini?

Dawa inayotumika ni sumu ya botulinamu. Hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yule yule anayesababisha botulizimu, ugonjwa wa kupooza unaowapata watu waliokula chakula kilichohifadhiwa vibaya. Jina Botox, lililozoeleka midomoni mwa wengi, ni la kibiashara na ni la mojawapo tu ya dawa za aina hiyo.

Kwa kipimo kidogo, sumu hiyo huzuia mishipa ya fahamu isipeleke amri kwenye msuli uliochomwa. Msuli hulegea, na ngozi iliyo juu yake hunyooka.

Dawa hii haikuanza kama urembo. Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa matibabu ya makengeza na ya macho yanayofumba bila hiari. Mwaka 1992 madaktari Jean na Alastair Carruthers wa Vancouver, Kanada, walichapisha taarifa ya kuitumia kupunguza mikunjo iliyo kati ya nyusi, na mwaka 2002 Marekani iliidhinisha matumizi hayo.

Saa 24 za mwanzo

Lengo la uangalizi wa saa za mwanzo ni kuifanya dawa ibaki katika msuli uliokusudiwa. Ieleweke kwamba mengi ya masharti haya yanatokana na tahadhari ya madaktari kuliko utafiti mkubwa, lakini kuyafuata hakuna gharama.

Kwa saa nne za mwanzo, aliyechomwa hutakiwa kukaa au kusimama wima, asilale wala kuinama kwa muda mrefu. Anayeswali anaweza kupanga miadi asubuhi, ili saa hizo zipite kabla ya adhuhuri na asilazimike kusujudu mapema.

Asisugue, asikande wala kubonyeza mahali palipochomwa. Hii ina maana kwamba kusuguliwa uso saluni, kufunga kilemba kwa kukaza, kuvaa kofia ngumu ya pikipiki na kujitwika mzigo kichwani ni mambo ya kuahirisha siku hiyo. Uso unaweza kuoshwa taratibu kwa maji ya kawaida.

Aidha, aepuke mazoezi mazito, pombe na joto kali, likiwemo la mashine ya kukaushia nywele, kwa muda wa saa 24. Mambo hayo huongeza mtiririko wa damu usoni na yanaweza kuzidisha uvimbe au michubuko.

Safari ya basi nayo ifikiriwe. Msafiri akisinzia hulalia kioo au huinamia kiti cha mbele, na paji la uso ndilo hubanwa. Ni vyema kulala palepale mjini usiku mmoja na kusafiri kesho yake.

Maumivu madogo ya kichwa, wekundu na vinundu vidogo mahali pa sindano ni mambo ya kawaida. Parasetamoli hutosha kwa maumivu. Dawa kama aspirini na ibuprofeni zinaweza kuongeza michubuko, lakini mgonjwa aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache bila ushauri wa daktari wake.

Kuanzia siku ya tatu

Matokeo hayaonekani mara moja. Kwa kawaida mabadiliko huanza kati ya siku ya tatu na ya tano, na hukamilika baada ya wiki mbili hivi. Anayeona upande mmoja wa uso umetangulia mwingine asikimbilie kuchomwa tena, bali asubiri wiki hizo mbili zipite ndipo arudi kwa daktari.

Nafuu hiyo hudumu miezi mitatu hadi minne, kisha msuli hurudia kazi yake. Kurudia sindano mapema zaidi kunaweza kuufanya mwili ujenge kinga dhidi ya dawa, nayo ikashindwa kufanya kazi.

Jua kali na upepo mkavu wa Singida haviondoi dawa iliyokwisha kuingia, lakini jua ndilo mojawapo ya vyanzo vikubwa vya makunyanzi. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua hulinda ngozi kuliko sindano yoyote.

Baadhi ya watu hupatwa na tatizo la kope moja kulegea. Mara nyingi hali hiyo hupona yenyewe baada ya wiki kadhaa, ingawa daktari anapaswa kuiona, hasa ikiambatana na dalili nyingine.

Dalili zisizosubiri

Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hizi ziwekewe onyo kali, kwamba sumu inaweza kusambaa mbali na mahali ilipochomwa. Dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache au hata wiki kadhaa.

Dalili hizo ni kuona vitu viwili viwili, kope zote mbili kulegea, sauti kubadilika au maneno kutotamkika vizuri, shida ya kumeza, shingo kulegea, udhaifu wa mwili na shida ya kupumua. Kwa kawaida mgonjwa hana homa na akili yake iko timamu, jambo linaloweza kuwapoteza wanaomtazama.

Mwenye dalili hizo aende mara moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, asingoje hadi asubuhi. Tiba ya kupambana na sumu huzuia hali isizidi kuwa mbaya, lakini hairudishi msuli uliokwisha kupooza; kwa hiyo kila saa ina thamani. Akihitaji rufaa, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iko umbali wa takriban kilometa 240.

Hatari ya kuugulia mbali na aliyekuchoma si ya kufikirika. Mwaka 2023 wagonjwa zaidi ya 60 waliripotiwa kupata botulizimu baada ya kuchomwa sumu hii tumboni nchini Uturuki kwa lengo la kupunguza uzito, na baadhi yao walikuwa wamesharejea kwao Ujerumani, Austria na Uswisi. Mwaka 2024 nchini Marekani, watu 22 katika majimbo 11 walidhurika baada ya kuchomwa dawa bandia au na watu wasio na sifa, na 11 kati yao walilazwa hospitalini.

Usiondoke bila karatasi

Kabla ya kuondoka kliniki, omba maandishi yenye jina la dawa, namba ya toleo lake, idadi ya vipimo ulivyochomwa, sehemu zilizochomwa, tarehe, pamoja na jina na simu ya daktari. Jina la dawa ni muhimu, kwa kuwa kipimo kimoja cha aina hii si sawa na kimoja cha aina nyingine.

Karatasi hiyo muoneshe kila mganga atakayekutibu katika miezi inayofuata, hata kwa ugonjwa mwingine. Jentamisini, dawa inayotumika sana hospitalini, inaweza kuongeza nguvu ya sumu hii.

Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye magonjwa ya kulegea misuli hushauriwa wasichomwe kabisa.

Ikumbukwe pia kwamba hii ni dawa, si kipodozi. Dawa nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, na madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayechoma sindano chumbani au saluni, na asiyekubali kuonesha chupa ya dawa, aepukwe hata bei yake ikivutia.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Makunyanzi yanaweza kungoja mwezi mmoja zaidi hadi apatikane daktari anayefaa, lakini pumzi haingoji.