Kupoteza mawasiliano: siku ndege ilipoanguka Empakaai na nyambizi ikanyamaza Atlantiki

Jumatano ya Novemba 15, 2017 ilileta habari mbili zilizoanza kwa neno moja: mawasiliano. Moja ilitoka juu ya Karatu, kwenye milima ya Ngorongoro. Nyingine ilitoka upande wa pili wa dunia, kwenye bahari ya Argentina. Ya kwanza ilijulikana mwisho wake siku hiyohiyo. Ya pili ilichukua mwaka mzima, na katika mwaka huo watu walisikia kila aina ya uvumi.

Tuanze na ya nyumbani.

Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ya kampuni ya Coastal Aviation, ilikuwa inatoka Kilimanjaro kwenda Serengeti. Ndani walikuwemo abiria 10 na rubani mmoja. Haikufika. Ilianguka eneo la Empakaai, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, na wote 11 wakafariki. Kabla siku haijaisha kampuni ilikuwa imethibitisha vifo hivyo.

Kama hujawahi kufika Empakaai, ni kreta ndogo kuliko ile maarufu, na chini yake kuna ziwa lenye magadi. Ukitoka Karatu unapita lango la Lodoare, unapanda hadi ukingo wa kreta kubwa, kisha unaendelea na barabara ya vumbi kupitia Nainokanoka. Ukingo wa upande wa mashariki una urefu wa mita zaidi ya 3,000 kutoka usawa wa bahari. Jirani yake, mlima Loolmalasin, unapita mita 3,600. Karatu mjini iko kwenye mita 1,500 hivi. Yaani ndege inayotoka upande wa Arusha kwenda Serengeti inakutana na ukuta wa milima katikati ya safari, na mtu yeyote wa Karatu anajua jinsi ukungu unavyokaa kule juu wakati wa mvua.

Milima hiyo pia inazuia sauti. Redio ya ndege inatumia mawimbi yanayokwenda moja kwa moja, hayapindi kona. Ndege ndogo ikishuka nyuma ya mlima, mwongozaji aliye mbali anaweza asimsikie rubani hata kama kila kitu kiko salama. Ndiyo maana "ndege imepoteza mawasiliano" haina maana ya "ndege imeanguka". Wakati mwingine ni redio imeharibika. Wakati mwingine rubani ametua uwanja mwingine wa porini usio na mnara.

Taratibu za kimataifa za anga zina ngazi tatu za kushughulikia ukimya huo. Ya kwanza ni hatua ya mashaka: inaanza zikipita dakika 30 tangu muda ambao ndege ilitakiwa kuwasiliana au kufika. Wanaanza kupigia simu viwanja vya jirani. Wakikosa jibu wanaingia hatua ya tahadhari, halafu ya dharura, na hapo ndipo wanapotoka watu wa kutafuta. Ndege nyingi pia zina kifaa kinachowaka chenyewe zikigonga kwa nguvu, na kinatuma ishara kwenye setilaiti kwa masafa ya megahezi 406. Lakini nacho kinaweza kuvunjika kwenye kishindo kilekile kilichotakiwa kukiwasha.

Sasa twende baharini.

Siku hiyohiyo, nyambizi ya jeshi la majini la Argentina iitwayo ARA San Juan ilikuwa inatoka Ushuaia, kusini kabisa, kurudi kituoni kwake Mar del Plata. Ilikuwa na watu 44. Mmoja wao alikuwa Eliana Krawczyk, mwanamke wa kwanza Argentina kuwa afisa wa nyambizi. Mawasiliano ya mwisho yalikuwa saa 1:30 asubuhi kwa saa za kwao. Karatu ilikuwa saa 7:30 mchana.

Nyambizi kunyamaza ni jambo la kawaida kuliko ndege kunyamaza. Mawimbi ya redio hayapenyi vizuri kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo ikitaka kuongea lazima ipande karibu na uso wa bahari na kutoa antena. Ikiwa chini inaweza kukaa kimya saa nyingi bila mtu kushtuka. Ndiyo maana ilichukua muda kabla ya jeshi kusema wazi kuwa kuna tatizo.

Hapo ndipo ukaingia uvumi. Novemba 18 ilitangazwa kuwa simu saba za setilaiti zimejaribu kupigwa, na huenda zimetoka kwenye nyambizi. Familia zikapumua. Siku mbili baadaye ikasemwa hapana, hazikutoka huko. Zikasikika kelele kama za mtu anayegonga chuma chini ya maji. Zikachambuliwa, nazo hazikuwa za San Juan. Wengine wakaanza kusema eti imeshambuliwa na nchi nyingine, eti imegonga bomu la zamani la vita. Wakati huo hesabu ya hewa ilikuwa inaendelea: nyambizi ikiwa chini bila kupanda, hewa ingetosha siku saba hivi.

Kwa maoni yangu, uvumi haukusababishwa na wajinga wa mtandaoni peke yao. Ulilishwa na taarifa zilizotolewa kidogokidogo. Mwanzoni msemaji wa jeshi alitaja hitilafu ya umeme kwenye betri. Mwishoni mwa Novemba televisheni moja ikaonyesha ujumbe wenyewe wa nyambizi, na kumbe ulieleza zaidi: maji ya bahari yaliingia kupitia mfumo wa hewa, yakafika kwenye betri, kukawa na shoti na mwanzo wa moto. Ndugu wa mabaharia walikasirika, na ni haki yao. Mtu akishagundua umemficha jambo moja, hata lile la kweli utakalomwambia kesho hataliamini. Desemba 2017 mkuu wa jeshi la majini, Admirali Marcelo Srur, aliondolewa.

Jibu, kwa kiasi kikubwa, lilikuwa limesikika tangu siku ya kwanza. Shirika la kimataifa lililoko Vienna, linalosimamia mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, lina vipaza sauti ndani ya bahari vya kusikiliza milipuko. Vituo vyake viwili, kimoja cha kisiwa cha Ascension katika Atlantiki na kingine cha visiwa vya Crozet katika Bahari ya Hindi, vilinasa mshindo saa tatu na ushee baada ya mawasiliano ya mwisho. Karatu ilikuwa saa 10:51 jioni. Lakini kuupata mshindo huo ndani ya kelele zote za bahari na kuuchambua kulichukua siku kadhaa, na umma ukaambiwa wiki iliyofuata.

Nyambizi yenyewe ilipatikana usiku wa Novemba 16 kuamkia 17, 2018, muda mfupi baada ya familia kufanya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Iligunduliwa na kampuni ya Ocean Infinity kwenye kina cha mita 907. Kina hicho kina shinikizo kama mara 90 ya lile la hewa tulilonalo ufukweni. Chombo kikishuka kupita uwezo wake kinapondwa na maji ghafla.

Hadithi hiyo ilijirudia karibu ilivyo Juni 2023, chombo cha Titan kilipopotea kikiwapeleka watu watano kutazama mabaki ya Titanic. Watu walihesabu saa 96 za oksijeni, zikaripotiwa kelele za kugonga, kumbe jeshi la majini la Marekani lilikuwa limenasa mshindo tangu siku chombo kilipopotea.

Na Tanzania imewahi kushika kipande cha fumbo kubwa kuliko yote hayo. Ndege ya Malaysia, MH370, ilitoweka Machi 8, 2014 ikiwa na watu 239. Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa kikaonekana Pemba, kimeletwa na maji kutoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Septemba mwaka huo wataalamu wa Australia wakathibitisha kuwa ni cha ndege hiyo. Namba zilizochapwa kwenye kipande hicho zilisaidia kukitambua, na hali yake ikawapa wataalamu dalili kwamba huenda rubani hakuwa amekishusha kwa ajili ya kutua.

Sehemu kubwa ya MH370 bado haijapatikana. Mwaka 2025 serikali ya Malaysia iliipa kazi Ocean Infinity, kampuni ileile iliyoipata San Juan, iendelee kutafuta kwa masharti kwamba isipopata hailipwi.